Ukoo wa Scotland na Ireland: usirukie Ireland kwanza

Mume wangu ni Mkanada, na mama mkwe alikuwa akisema tu "sisi ni Waskoti na Waairishi", basi, hapo ndio mwisho. Upande wangu wa Kiambu nawahesabia watoto mpaka babu wa babu, nikaona wacha na huko nitafute.

Nilikosea kukimbilia Ireland moja kwa moja. Kwao mama mkwe ni Gallagher, na Donegal, kaunti ya huko Ireland, akina Gallagher wamejaa kama akina Kamau kwetu, nikapata James mmoja umri unafanana na wa James wetu, mmoja wa mababu zake, nikamshika huyo huyo, miezi minne nafuata ukoo wa watu wengine kabisa. Iliniuma sana. Anza na wazee walio hai, uwarekodi, halafu rudi nyuma kizazi kimoja kimoja.

Na kama ukoo wenu ulipitia Scotland kabla ya kuvuka bahari, tulieni hapo kwanza. Tangu 1855 cheti cha kifo cha Scotland kinaandika baba na mama wa marehemu, mama kwa jina la kwao kabla hajaolewa, na cha kuzaliwa kuanzia 1861 kinasema wazazi walioana lini na wapi. Tulilipia cha babu yake mama mkwe aliyezaliwa Glasgow. Akavaa miwani akasogelea skrini, mwandiko umelala umefungana, chini ya majina ya wazazi kuna tarehe ya ndoa, halafu jina la kijiji, halafu Donegal. Akaweka kidole pale asiseme kitu.

Ireland yenyewe inataka subira. Kusajili kila anayezaliwa na anayekufa kulianza 1864, na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Dublin 1922 wakati wa vita, ila za 1901 na 1911 zipo mtandaoni bure. Kabla ya 1864 ni vitabu vya ubatizo, vya Wakatoliki viko bure kwa Maktaba ya Taifa ya Ireland, Kilatini kisikutishe, Jacobus ndio James.

Angalia pia majina ya watoto jamani! Kwa Waskoti na Waairishi wengi mvulana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, yaani kama sisi Wakikuyu. Si kila nyumba ilifuata, lakini kifungua mimba wa James wetu ni Patrick, na cheti cha kifo cha James kinasema baba yake ni Patrick. Huyo Patrick mkubwa ndiye namtafuta sasa, kurasa za ubatizo zimefifia, nazipitia usiku watoto wakilala.