Swali: Napiga picha za mamodo, je hela yangu ni halali?

SWALI: Asalaam aleykum sheikh. Mimi ni mpiga picha hapa Dar, nilianza na harusi na send-off ila saivi kazi inayonilipa ni mamodo, bikini beach, nguo za ndani za wanaouza mtandaoni na mabinti wanaotaka picha za birthday za kuwasha moto. Simgusi mtu wala simtongozi mtu, na hela hiyo ndo inamnunulia mama dawa za presha. Washkaji wa msikitini wananiambia kamera yenyewe haramu. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah. Hao washkaji hawajatunga, hadithi za kuwaonya watengeneza picha zipo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, na masheikh wakubwa kama Ibn Baz wa Saudia walikaza hata kwa kamera isipokuwa kwa haja kama pasipoti na vitambulisho. Ila wapo walioona tofauti, mfano Muhammad Bakhit al-Mutii aliyekuwa mufti wa Misri kuanzia 1914, yeye alisema kamera inanasa tu kivuli cha kitu alichokwisha kiumba Allah, hakuna anayeshindana na uumbaji hapo. Mimi nipo na hawa, kwahiyo kamera yako usiiuze.

Tatizo ni unachokipiga. Unasema humgusi mtu, sawa, alhamdulillah, lakini Suratun Nur aya ya 30 haikuanza na mikono imeanza na macho. Hebu jiangalie ukiwa kazini, unamwambia binti geuka kidogo, legeza bega, angalia lensi kama unamwangalia mumeo, halafu usiku unakaa na laptop unaizoom ile picha unasafisha paja kovu moja baada ya jingine na kiuno unakibana kiwe chembamba. Mtume ﷺ alimwambia Ali asifuatishe jicho kwa jicho, la kwanza ni lako la pili si lako. Sasa mwanangu wewe ajira yako yote ni lile jicho la pili, tena unalitolea risiti! (Na kile kiuno ulichokibana ni udanganyifu vilevile, mwenye duka anauza nguo kwa mwili ambao haupo.)

Kuna hadithi ya Ibn Mas'ud kwa Bukhari watu wanaipita haraka, Mtume ﷺ kamkataza mwanamke asimsimulie mumewe umbo la mwanamke mwenzie mpaka akawa kama anamuona. Maneno tu hayo, tena ndani ya nyumba, seuze picha safi yenye taa mbili na softboxi inayotazamwa na watu msiowajua wewe wala yeye. Na haiishi pale ulipolipwa. Binti kesho kaolewa, anakupigia simu analia anataka ifutwe, wewe utaifuta kwako lakini waliokwisha iseva utawapata wapi? Kwa Muslim imekuja kwamba mwenye kuanzisha jambo baya anabeba dhambi yake na ya wanaolifuata bila wao kupunguziwa kitu.

Kwahiyo kazi ya aina hiyo haifai na ujira wake haufai, hapo sikufichi.

Kuhusu mama, usimkatishie dawa. Ulizoingiza bila kujua hukumu nategemea zikuingie kwenye aya ya 275 ya Suratul Baqara, aliyefikiwa na mawaidha akaacha basi yaliyopita ni yake. Kama ulikuwa unajua na ukaendelea, basi itoe sadaka, ila mwanachuoni wa zamani Ibn Taymiyya kasema mwenye kutubu akiwa fakiri anaruhusiwa kubaki na kiasi cha haja yake, na dawa ya mzazi ni haja.

Wateja wa nguo usiwafukuze wote. Wa madera, mashuka, viatu waambie utapiga nguo imetandazwa au imevalishwa mdoli wa dukani. Piga vyakula vya mahoteli, mahafali, nyumba za kupangisha, pasipoti saizi. Hela itapungua mwanzoni, sikudanganyi, na mwambie mama mapema asije akashangaa.

Za kwenye hard disk futa, na kwenye ukurasa wako zitoe kabla hujatangaza kwamba umebadilika maana watu watakwenda kuzichungulia. Kama kuna mtu ulishachukua advansi yake kwa shooti ya beach, mrudishie yote hata kama ulishailipia usafiri.

Wallahu aalam.