Jibu: Maarifa ya Jamii darasa la sita Uganda

Dada, umeuliza mwanao anayehamia Kampala kutoka Mombasa atakutana na nini kwenye Maarifa ya Jamii darasa la sita. Mtaala wa huku unapanuka mwaka hadi mwaka: darasa la nne wilaya yao, la tano Uganda, la sita Afrika Mashariki, la saba Afrika nzima. Kwa hiyo hataanza ugenini kabisa. Bonde la Ufa, Ziwa Victoria, reli iliyoanzia kwenu Mombasa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967, ikavunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999.

Kitakachomsumbua ni ya darasa la tano aliyoyakosa: Mkataba wa 1900 kati ya ufalme wa Buganda na Waingereza, Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepambana na Waingereza, wafalme na falme zao, uhuru wa 9 Oktoba 1962. Wenzake wamekulia humo, na maswali hayo hurudi kwenye PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, mwisho wa la saba. Mimi ningemtafutia kitabu cha la tano kwanza kabla ya kulipia tuisheni. Karatasi hiyo ya PLE ina pia maswali ya dini, ya Kikristo au ya Kiislamu, mtoto achague (wazazi wengi wageni hushtuka wakilisikia hili).

Akifika sekondari somo linagawanyika, Historia mbali na Jiografia mbali. Huko Kiswahili ni lazima miaka miwili ya mwanzo, na hapo wenzake ndio watakaomkimbilia yeye.