Ukitoka chombo kikubwa kwenda kuwa bosi kwenye chombo kidogo

Nilikaa miaka tisa kwenye chombo cha habari ambacho ukitaja jina lake tu watu wanakuvutia kiti. Nikaacha, nikaenda kuwa mhariri mtendaji wa chombo cha mtandaoni chenye watu kumi na mmoja, mhasibu akiwemo. Wenzangu wengine walinipongeza. Wengine walinishika mkono taratibu, kama wanaompa pole mfiwa. Wewe unayepima hatua hiyo, au ndiyo kwanza umeripoti kazini, ngoja nikupe niliyoyajua kwa kuchelewa.

Kilichonishtua kwanza ni simu. Wiki ya pili nilimpigia ofisa mmoja ambaye kwa miaka alikuwa akipokea kabla simu haijaita mara tatu. Safari hii iliita mpaka ikakata. Nikamwandikia ujumbe, nikataja jina langu na la chombo kipya. Akajibu kesho yake jioni: "Samahani, hicho ni chombo gani?" Kumbe miaka yote ile hakuwa anapokea simu yangu, alikuwa anapokea ya mwajiri wangu. Jina la mwajiri ni nguo ya kuazima, siku ya kutoka unaivua mlangoni.

Kwa hiyo, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, pitia namba zako moja moja ujiulize: huyu ananijua mimi, au anajua kitambulisho changu? Mimi nilifanya hesabu hiyo nikiwa nimeshaondoka. Katika majina arobaini na matatu, yaliyobaki yangu kweli yalikuwa saba. Hao saba wapigie wewe mwenyewe, waambie unakokwenda, wasije wakasikia kwa watu. Na usome mkataba wako wa zamani unasemaje kuhusu nyaraka na rekodi za mahojiano. Barua pepe ya ofisi inaweza kufungwa hata kabla hujamaliza kuaga.

La pili ni macho. Kule kwenye chombo kikubwa, habari yangu ilipita kwa mhariri wa dawati, kwa msahihishaji, kwa mhariri wa zamu ya usiku, na ikiwa nzito ilifika kwa wakili. Nilikuwa nawalalamikia wote kwamba wananichelewesha. Mwezi wa kwanza kwenye cheo kipya, saa tano usiku, nikiwa peke yangu mezani, nilirusha habari ya kesi. Chini ya picha niliweka jina la mshtakiwa, lakini aliyekuwa kwenye picha ni wakili wake. Ilikaa hewani dakika arobaini, mpaka wakili mwenyewe akapiga simu. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Niligeuza kiti nikitafuta wa kumuuliza "nani kapitisha hii?" Aliyepitisha alikuwa mimi.

Tangu usiku ule hakuna kinachotoka bila kusomwa na mtu wa pili, hata kama mtu huyo ni mhasibu. Tena mhasibu wetu ana jicho kali la tarakimu kuliko waandishi wote. Na ukiingia, usisubiri wiki ipite kabla hujajua ni wakili gani utampigia usiku, na nani anamlipa.

Usijidanganye kwamba utapewa muda wa kuzoea kwanza. Mhariri wa Marekani, Marty Baron, alitoka gazeti kubwa la New York Times akaenda kuongoza gazeti la Miami Herald mwanzoni mwa mwaka 2000. Hata miezi minne haijatimia, alfajiri ya Aprili 22, maofisa wa serikali wenye silaha wakaingia katika nyumba ya ndugu zake Elián González, mtoto kutoka Cuba ambaye ndugu hao walikuwa wakimgombania na baba yake, na kumchukua. Gazeti lilipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2001 kwa namna lilivyoripoti tukio lile. Herald lilikuwa na watu wengi kuliko utakaowakuta wewe, lakini habari haiulizi kama umeshajua majina ya wenzako.

Kuhusu fedha, uliza bila haya kabla ya kusaini: zilizopo benki zinatosha miezi mingapi, na zinatoka kwa wangapi? Kisha uliza swali ambalo watu huona aibu kuliuliza: nani ana uwezo wa kuamuru habari iondolewe? Ukijibiwa "hilo halijawahi kutokea", omba liandikwe kwenye mkataba. Mwenye chombo akikunja uso hapo, umeokoa miezi yako kadhaa.

Udogo wenyewe usikutie unyonge. Paul Steiger aliongoza chumba cha habari cha gazeti la Marekani la Wall Street Journal kwa miaka 16, akaondoka kwenda kuanzisha ProPublica, chombo kidogo cha habari za uchunguzi kilichoanza kuchapisha mwaka 2008. Habari yao ya hospitali moja ya New Orleans baada ya kimbunga Katrina ilichapwa pia na jarida la New York Times mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapata Pulitzer. Mdogo alileta uchunguzi, mkubwa akaleta wasomaji. Sisi pia tumejifunza kubisha hodi namna hiyo, ingawa kwa waliotufahamu zamani inahitaji kumeza mate kwanza.

Kiu ya kuona jina lako juu ya habari itakusumbua. Hiyo ivumilie tu, maana kazi yako sasa ni majina ya wengine.

Cha mwisho ni mdomo. Jumatatu yangu ya kwanza nilieleza jinsi "kule nilikotoka" tulivyopanga kikao cha asubuhi. Jumanne nikaeleza jinsi kule nilikotoka tulivyoandika vichwa vya habari. Mwandishi mmoja kijana, wala hakusema kitu, alianza kuchora mstari kwenye kona ya ubao kila nilipoyatamka maneno hayo. Jumatano mchana nikauliza ile mistari tisa ni ya nini. Walicheka wote, nikacheka nao, ila sikio lilikuwa la moto. Wiki ya nne ilikuwepo mistari miwili, na mmoja kati ya hiyo nilikata rufaa.