Nimepata kazi Dar, mke hataki kuhama Tanga. Je, nimlazimishe, na nikope kodi kwa riba?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mhasibu, nina miaka 36. Naishi Tanga, Ngamiani, pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu katika nyumba ya mama yangu mzazi. Mshahara unaofika mkononi ni shilingi 650,000. Sasa nimepata kazi Dar es Salaam, watanilipa 900,000. Nyumba niliyoiona Mbagala kodi yake ni 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Jumla 1,400,000, na mimi sina. Kuna jamaa yuko tayari kunikopesha, nirudishe 1,900,000 ndani ya miezi kumi.

Mke wangu hataki kuhama. Anasema siku ya posa baba yake alinishurutisha nisimtoe Tanga, nami nikakubali. Ni kweli nilikubali. Rafiki zangu wananiambia mke hana hiari, popote mume aendapo amfuate, na kwamba kuogopa ughali wa Dar ni upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Allah. Mama naye ni mjane na ana kisukari. Nifanye nini?

JIBU

Waalaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara tatu, na kilichonigusa zaidi si hizo pesa. Ni pale ulipoandika "ni kweli nilikubali". Ungeweza kulificha neno la siku ya posa, nami nisingejua. Kwa hiyo naanza hapo hapo, maana mengine yanasimama juu yake.

Amesema Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Uqba bin Amir, waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba sharti zinazostahiki zaidi kutimizwa ni zile ambazo kwazo mmejihalalishia wake zenu. Imam Tirmidhi alipoipokea hadithi hii alitaja suala lako lenyewe: mtu ameoa kwa sharti la kutomtoa mke katika mji wake. Akanukuu kauli ya Umar bin Khattab (r.a.) kwamba mume huyo hana ruhusa ya kumtoa. Kisha akanukuu kauli ya Ali bin Abi Talib (r.a.) kwamba sharti la Allah liko mbele ya sharti la mke. Basi suala hili masahaba wakubwa wawili wamelitazama kwa macho mawili tofauti, na wanazuoni waliokuja nyuma yao wakafuata njia hizo mbili. Mahanbali wanasema sharti linamfunga mume, na akilivunja mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu huku pwani, pamoja na Mahanafi na Wamaliki, wanasema ndoa ni sahihi lakini sharti lenyewe halimlazimu mume. Tena lako lilitajwa kwenye posa. Kama halikurudiwa kwenye akdi, yaani wakati wa kufunga ndoa, kwa Mashafii linabaki kuwa ahadi.

Kwa hiyo rafiki zako wamepata pa kushika. Ila wameshika ncha moja wakaacha nyingine. Kusema sharti halikulazimu mbele ya kadhi si sawa na kusema huna deni mbele ya Allah. Aya ya 34 ya Suratul-Israa inatuamuru kutimiza ahadi, kwa sababu ahadi itaulizwa. Baba wa watu alikupa binti yake akiwa na neno lako mkononi. Mimi siwezi kukuambia ulipuuze neno hilo kwa sababu limepita miaka kadhaa na sasa lina gharama.

Njia iko wazi, nayo ni ridhaa yake. Haki hii ni ya mkeo. Akiiachia kwa moyo wake imeisha, na hata baba yake hawezi kuidai kwa niaba yake. Lakini iwe ridhaa kweli, asiitikie kwa kuchoka kugombana. Na kwa adabu, umchukue mshenga yule yule aliyekupeleka siku ya posa, mwende kwa mkweo mkamweleze. Usimwache mzee asikie msikitini kwamba binti yake amepakiwa kwenye basi.

Kuhusu "mke amfuate mume": ndiyo, katika fiqhi ya Kishafii mke akikataa kufuatana na mumewe kwenda mahali pa amani, bila udhuru, anaweza kuhesabiwa nashiza, yaani mke asiyemtii mumewe, na nafaqa yake, yaani haki yake ya matunzo, ikaanguka. Sikufichi hilo. Lakini hukumu hiyo ina masharti yake, na la kwanza ni kwamba mume awe ameandaa makazi yanayomstahiki mkewe. Allah anasema katika Suratut-Talaq, aya ya 6, kuwa wakalisheni mnapokaa ninyi kwa kadiri ya uwezo wenu, wala msiwadhuru kwa kuwatia dhiki. Aya hiyo inamzungumzia mwanamke aliyeachwa, aliye ndani ya eda. Wanazuoni wakasema: ikiwa haki hiyo anayo aliyetalikiwa, basi aliye ndani ya ndoa anayo zaidi. Wewe leo huna nyumba Dar. Una mkopo usiouchukua bado. Sasa mkeo akatae kukufuata kwenda wapi?

Jingine, tafadhali usimwambie kuwa kulilia Tanga ni udhaifu wa imani. Waliohama Makka kwenda Madina walikuwa bora kuliko sisi sote, na walihama kwa ajili ya Allah, si kwa ajili ya mshahara. Hata hivyo walipofika homa iliwaangusha. Bibi Aisha (r.a.) alikwenda kumjulia hali baba yake, Abubakar, na Bilal. Akamkuta Bilal, kila homa inapompungua, anainua sauti na kuimba mashairi ya kwao: laiti angejua kama atalala tena usiku mmoja katika bonde lile, akizungukwa na majani ya idhkhir na jalil. Bilal huyu, aliyelazwa juu ya mchanga wa moto kwa ajili ya dini, analilia majani ya kwao. Aisha akampelekea Mtume (s.a.w.) habari. Hakumkemea Bilal. Aliomba: Ewe Mola, tupendezeshee Madina kama tunavyoipenda Makka au zaidi, itie afya, na utubarikie katika pishi yake na kibaba chake. Imepokewa na Bukhari. Angalia alichoomba: moyo uzoee, miili ipone, na kipimo cha chakula kiwe na baraka. Ndiyo hayo hayo anayoyaogopa mkeo.

Tuje kwenye tawakkul. Yule bwana aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na ategemee, aliambiwa amfunge na ategemee. Kukaa na mkeo mkapiga hesabu ndiko kumfunga ngamia. Basi tuipige.

Ukikopa, kila mwezi utarudisha 190,000. Katika 900,000 zitabaki 710,000. Kodi ya miezi sita ikiisha mwenye nyumba anataka nyingine ya mkupuo, kwa hiyo kila mwezi uwe unaweka 200,000. Zimebaki 510,000. Leo Tanga unapokea 650,000 na hulipi kodi. Kwa miezi kumi ya mwanzo, utakuwa umehama ili kupunguza laki na arobaini kwenye sufuria ya watoto.

Na bado hujahesabu kitu ambacho hakiko kwenye karatasi ya mshahara. Nazi anayoiangua kijana wa jirani uwanjani kwenu. Mchicha wa nyuma ya jiko. Bibi anayembeba mdogo wakati mama yuko sokoni. Madrasa ambayo watoto wanaikimbilia kwa miguu baada ya alasiri na kurudi kabla ya magharibi. Vyote hivyo Tanga ni nafaqa, ila hujawahi kuvilipia. Mbagala nazi ni ya genge, maji unaweza kununua kwa ndoo, mkaa utapimiwa kwenye kopo. Nimekaa Dar miaka kadhaa nikisomesha. Kulikuwa na baba mmoja katika darasa langu la baada ya isha, kila siku akitoka nyumbani kabla ya alfajiri kuwahi daladala. Siku moja mwanawe mdogo aliletwa msikitini na mama yake, akamwona baba yake mchana, akajificha nyuma ya kanga. Yule bwana alikaa kwenye jamvi, mikono juu ya magoti, hakusema neno mpaka tuliposimama kuswali. Hesabu na hilo.

Sikuambii haya ili usihame. Sahaba Abdur-Rahman bin Auf alifika Madina mikono mitupu. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdur-Rahman akamwombea baraka, akasema: nionyesheni soko. Akaanza na jibini kavu na samli. Mji mgeni si laana, na kutafuta riziki ni ibada. Ninachokukataza ni kuanza na mkopo ule.

Hiyo ni riba, hakuna jina jingine. Kukopa 1,400,000 na kushurutishwa kurudisha 1,900,000 ni ile riba ambayo Allah ametangaza vita juu yake katika Suratul-Baqara, aya ya 279. Na Jabir (r.a.) amepokea, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mlaji wa riba, mwenye kumlisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Wewe mhasibu unajua maana ya kuwa mwandishi. Watu wenyewe wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, na hawakukosea. Huwezi kudai dharura. Dharura ni ya mtu ambaye asipokula nyamafu atakufa, na wewe una paa la mama yako juu ya kichwa, mshahara na afya.

Basi ushauri wangu, uutazame na mkeo. Nenda peke yako kwanza, kwa ridhaa yake na kwa tarehe. Tafuta chumba kimoja, hata cha kuchangia na mwenzako. Kabla hujasaini mkataba, waombe waajiri posho ya uhamisho au mshahara wa mwezi mmoja mbele; wengi hawapewi kwa sababu hawakuomba. Ukifika ofisini tafuta wenzako waaminifu mcheze mchezo wa kupokezana pesa. Watu kumi kwa laki moja ni milioni moja kwa zamu, hakuna anayezidisha wala anayepunguziwa, na mwanachuoni wa Kishafii Waliyyud-Din al-Iraqi aliujuzisha mfano wake uliokuwa ukichezwa na wanawake wa zama zake. Omba zamu ya katikati. Utafute na nyumba ya bei ndogo kuliko hiyo. Watoto nao wanaweza kuanza shule ya msingi ya serikali, ambazo hazitozi ada. Usijibebeshe shule ya basi la njano kwa sababu majirani wamejibebesha.

Ila tarehe isiwe ya kusogezwa sogezwa. Imepokewa kuwa Umar (r.a.), baada ya kumsikia usiku mwanamke akimlilia mumewe aliyekuwa jihadini, alimuuliza binti yake Hafsa mke anaweza kumsubiri mume muda gani. Akajibiwa miezi minne au sita, akawawekea askari wake mpaka. Wewe hauko vitani. Tanga na Dar ni safari ya basi ya siku moja, basi rudi kila unapoweza. Miezi sita ikiisha mmeamua moja: familia inakuja, au wewe unarudi. Na katika muda huo pesa ya nyumbani itangulie kabla ya matumizi yako, kwani Mtume (s.a.w.) amesema yamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwatelekeza wale anaowalisha. Ameipokea Abu Daud.

Umeniandikia kuhusu mama yako sentensi moja tu, na imenitia wasiwasi. Mjane mwenye kisukari, na mkwe anayempikia ndiye unayetaka kumhamisha. Yuko nani atakayemkumbusha dawa, na atakayeona kidonda mguuni kabla hakijawa kikubwa? Mtu alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Akajibu ndiyo. Akaambiwa: basi jihadi yako iwe kwao. Ikiwa una ndugu watakaolibeba hilo, kaeni mlipange kwa majina na kwa siku, nani wa dawa na nani wa kliniki. Ikiwa huna, mwulize mama kama atakubali kwenda nanyi. Wazee wengi hukataa kuacha nyumba zao, na akikataa usimlaumu. Hapo kazi ya Dar imekuwa nzito kuliko hiyo 250,000 inayoongezeka, nami ningekuwa wewe ningewaomba waajiri wangu wa Tanga waniongezee mshahara kabla sijafunga mizigo.

Swali istikhara, sala ya kumwomba Allah akuchagulie lililo la kheri, rakaa mbili na dua yake, kisha usingoje ndoto. Anza na mkeo leo usiku watoto wakilala: daftari, kalamu, na mshahara wako wote uandikwe mbele yake bila kuficha hata shilingi. Akishasema lake, ndipo umtafute mshenga.

Wallaahu a'lam.