Boti haipigi stata: pima njia ya umeme ikiwa kazini

Fundi mgeni akiitwa kwenye boti isiyopiga stata, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye mota ya stata. Hiyo iwe kazi ya mwisho. Kwa mashine zinazoishi maji chumvi, angalia kwanza kichwa cha betri, waya wa hasi, relei (swichi ya umeme inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata) na swichi ya nyutro (inayozuia stata kupiga boti ikiwa kwenye gia). Ukifunga stata mpya juu ya waya ulioliwa na kutu, nayo itagoma vilevile, na mwenye boti atakudai hela yake.

Kabla hujagusa kitu, weka gia nyutro, hakikisha hakuna mtu karibu na propela, kisha chomoa klipu ya kamba ya usalama ili mashine isiwake. Kuna aina ambazo klipu ikitoka hata stata haipigi. Kwa hizo rudisha klipu, toa plagi na uunge kofia zake na bodi ya injini. Fungua kifuniko na uache harufu ya petroli iishe kabisa, maana utakuwa unatengeneza cheche. Usipige stata zaidi ya sekunde 5 mfululizo. Ipumzishe angalau sekunde 10.

Sasa sikiliza. Relei ikilia "ta!" mara moja na stata isizunguke, upande wa ufunguo unafanya kazi, tafuta kwenye waya nene, relei au stata. Ikilia "tatatata" mfululizo, betri imechoka au kichwa chake kimelegea. Kukiwa kimya kabisa, anza na fyuzi na ufunguo. Stata ikivuma bila kuzungusha flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini), kagua bendiksi, gia ndogo ya stata inayopanda kuikamata. Na mashine ikizunguka vizuri lakini haiwaki, achana na stata: tazama klipu ya usalama, mafuta na moto wa plagi.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.0 ni karibu tupu. Lakini namba hiyo peke yake inadanganya. Betri mbovu inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imelala, ukipiga stata ikaanguka hadi 7. Mwambie mwenzako azungushe ufunguo huku ncha za mita ziko kwenye betri. Ikishuka chini ya 9.6, ichaji kwanza, urudie. Ikiwa imejaa na bado inaanguka, ama betri imekufa ama kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi, kama stata yenye shoti au injini iliyokaza. Toa plagi uzungushe flaiwili kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida. Ikigoma, tatizo si la umeme.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi. Waya ulioota ukijani ndani ya ganda lake unaweza kupita kipimo cha omu, yaani cha ukinzani, bila shida, kwa sababu mita hupitisha umeme kiduchu tu. Ukinzani wa omu 0.02 mita ya kawaida haiuoni, lakini stata ikivuta ampea 100, hapo unapoteza volti 2. Kwa hiyo pima volti zinazopotea njiani wakati stata inavuta.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse nguzo ya chanya ya betri, yaani risasi yenyewe, si klempu iliyoikumbatia. Ncha nyeusi iguse skrubu ya stata inapoingia waya nene. Piga stata. Ukipata chini ya 0.5, upande wa chanya ni mzima. Ukipata zaidi, gawa njia: nguzo hadi klempu, klempu hadi relei, kisha skrubu mbili kubwa za relei. Hizo mbili zikisoma volti zote 12 wakati relei imelia, midomo yake ya ndani imeungua na haigusani, badilisha relei. Rudia kwa hasi, kutoka nguzo ya hasi hadi bodi ya stata. Zaidi ya 0.3 safisha waya mweusi unapofungwa kwenye injini. Hapo ndipo chumvi hujificha, chini ya rangi na grisi ya zamani.

Nati za masikio za kukaza kwa vidole ziondoe kwenye betri ya boti. Mawimbi huzilegeza. Weka nati za spana, ukwangue kwa msasa hadi risasi ing'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi haitangulii.

Kama relei iko kimya, pima fyuzi kuu kwa mita pande zote mbili, usiiangalie kwa macho tu. Kisha chezesha mkono wa gia taratibu huku ufunguo umezungushwa. Stata ikishtuka, swichi ya nyutro imechoka au kebo ya gia imetoka kwenye kipimo. Kwenye Yamaha, waya mwembamba wa kahawia ndio unaoleta amri kwenye relei. Ukiwa na volti 12 wakati wa kupiga stata na relei isilie, kagua waya wake mweusi, kisha relei yenyewe. Usipokuwa nazo, rudi nyuma hadi kwenye soketi kubwa ya waya wa kontroli na utafute pini yenye ukijani. Kuunganisha relei kwa bisibisi, mchezo wanaoupenda mafundi wengi, kunairuka swichi ya nyutro, na boti iliyo kwenye gia inaweza kuruka.

Umeme ukifika wote kwenye stata na bado haizunguki, ndipo uifungue. Ikizunguka baada ya kugongwa kidogo kwa mpini wa nyundo, kaboni, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya stata inayozunguka, zimekwisha au zimekwama. Bendiksi isafishe kwa petroli, ikauke, uipake mafuta mepesi tu. Grisi nzito hukamata mchanga, na gia haipandi tena.

Kabla ya kuondoka, hakikisha boti ina kamba ya dharura inayoenea kwenye flaiwili, kama mashine hiyo ina mtaro wa kuizungushia. Anayeivuta athibitishe nyutro kwa mkono, kwani hapo swichi haimlindi.