Subaru WRX STI au Porsche Cayman kwa Kampala?

Kama unataka gari moja la kila siku mjini na la kukimbiza uwanja wa mbio, chukua WRX STI, ile ya 2014 hadi 2019 ya soko la Japani. Injini ni ya lita 2.0 yenye turbo, nguvu ya farasi 308, inaendesha magurudumu yote manne, ina viti vya nyuma, na usukani uko kulia kama tunavyotaka hapa. Cayman ni tamu zaidi kwenye kona, sibishi, lakini iko chini mno: matuta ya mitaani yatamaliza bampa kabla hujafika uwanjani. Tena mafundi wetu wanaijua vizuri Subaru kwa sababu ya mbio za magari, vipuri havisumbui. Angalizo ni mafuta: injini hiyo ya Japani inataka petroli ya oktani ya juu, usiweke ya kawaida halafu ukaikanyaga. Siku ya uwanjani badilisha kwanza mafuta ya breki na pedi, hizo ndizo huchoka mapema. Klachi kwenye foleni ya Jinja Road itakuchosha mguu, utazoea. Na usinunue la zamani sana. Tangu 2018 gari lililozidi miaka 15 haliingizwi nchini.