Maswali ya Wasomaji: Mvua imenyesha, vipepeo wako wapi?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nafuga vipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Masika yameanza wiki mbili sasa, lakini majike wa kutaga siwaoni. Tatizo ni nini?
Mfugaji, Gede

JIBU: Marahaba. Bado ni mapema. Mvua huleta kwanza majani machanga, maana kiwavi aliyeanguliwa leo hawezi kutafuna jani gumu la kiangazi. Kwa kipepeo wa michungwa, ambaye viwavi wake hula majani ya michungwa na milimau, hesabu siku 4 hadi 6 za yai, wiki 3 au zaidi za kiwavi, kisha wiki 2 hivi za pupa, yaani kiwavi akiwa ndani ya ganda akigeuka kipepeo. Tarajia ongezeko mwezi mmoja na nusu hadi miwili baada ya majani kuchipua. Ukame ukirudia misimu mfululizo, kama ule wa 2020 hadi 2023, wazazi hubaki wachache na ongezeko huchelewa zaidi.

Mvua ikizidi nayo ni hasara. Huangusha mayai na viwavi wadogo, na wingu zito humzuia jike kuruka. Ndani ya kizimba unyevu huozesha viwavi, na hapa ndipo hasara huwa kubwa: toa kinyesi kila siku, kausha majani yaliyolowa kabla ya kulisha, usiwasonge, na kiwavi aliyelegea mwondoe mara moja.

Kiangazi kijacho mwagilia miche michache ya mlimau, isiyopigwa dawa, ili majani machanga yasikosekane. Majike wakirudi, watafute wakati jua linawaka, kuanzia saa nne asubuhi, na wengine uwaache watage msituni.